Akiki Juu, Msumari Chini

Mikumi, Jumatatu, 3 Februari 1975

Wiki ya tatu sasa nazunguka vilima vya huku na nyundo yangu, na jiwe pekee lililonigusa ni lile lililoingia kwenye kiatu. Leo dereva wa lori ameniletea barua ya Kamati ya Mradi wa Vito. Niache Mikumi, niende kijiji kipya cha Juhudi, karibu na Kidete. Watu wameokota akiki huko, tena nyingi. Nikapime kama zinatosha kuwafungulia wanakijiji karakana ya kukata na kung'arisha mawe, kisha niandike ripoti kabla masika haijakolea.

Nina miaka hamsini na mitatu. Nimebakiza miezi kumi na minne nistaafu. Nilimwahidi mke wangu Paulina kwamba safari hii ya porini ni ya mwisho. Mwaka jana pia niliahidi hivyo.

Juhudi, Alhamisi, 6 Februari

Treni imechelewa saa tano. Goti limevimba.

Mwenyekiti wa kijiji, Stefano, alinipokea stesheni ya Kidete akiwa na watu kama thelathini na ngoma moja. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, sauti yake ni ya kuhutubia uwanja hata mkiwa wawili tu. "Shikamoo, Mzee Makarius! Juhudi ilikuwa inakusubiri!" Nikaitikia marahaba, nikatafuta pa kukaa. Hapakuwa na pa kukaa mpaka hotuba ilipoisha.

Kijiji kiko kwenye tambarare kando ya Mto Mkondoa, nyumba sitini na mbili katika mistari iliyonyooka kama ya shamba la mkonge. Watu waliteremshwa kutoka milimani Agosti iliyopita ili wawe karibu na reli na karibu na maji. Kuta nyingi bado zina rangi ya udongo mbichi.

Nimepangiwa kwa Mzee Kornelio na mkewe Yudith. Kornelio alifanya kazi ya gengi la reli miaka ishirini na miwili. Nyumba yao ni ya miti na udongo kama zote, ila mlango wake ni wa mninga, mzito, una kitasa cha shaba. Aliubeba kutoka mlimani siku mbili, yeye na shemeji yake.

"Nyumba walisema niiache," aliniambia. "Mlango hawakuutaja."

Jumamosi, 8 Februari

Ni akiki kweli. Asubuhi niliokota ndoo nzima kati ya nyumba ya Kornelio na mto. Kwa nje ni mawe mabaya, yana ngozi ya kijivu kama viazi vilivyokaa sana. Stefano akaitisha mkutano, akanitaka niwaeleze watu.

Nilipasua moja kwa nyundo, nikalilowesha, nikalizungusha watu wote waone. Ndani lilikuwa na mistari iliyozungukana, mweupe, wa rangi ya chai, mwekundu wa kutu, kisha mweupe tena, mingine myembamba kuliko uzi.

Niliwaambia kwamba zamani sana, kabla ya watu, mwamba ulitoka chini ya ardhi umeyeyuka, ukapoa ukiwa umejaa mapovu kama mkate. Mapovu yakabaki matundu. Maji yanayopenya kwenye mwamba hubeba kitu kama kioo kilichoyeyuka, kidogo mno, huwezi kukiona wala kukionja. Yakiingia kwenye tundu huacha utando ukutani, baadaye utando mwingine juu yake, mpaka tundu linajaa. Kila mstari ni utando mmoja. Maji yakipita penye chuma, mstari unatoka mwekundu.

"Miaka mingapi mpaka lijae?" aliuliza Yudith.

"Mama, hata sisi tuliosomea hatuna hesabu ya uhakika."

Kornelio alitaka kujua ugumu wake. Nikamwomba kisu chake, nikakwaruza jiwe. Jiwe halikupata alama yoyote. Kisu ndicho kilichoumia, na kilikuwa kisu chake kizuri. Nimemwomba radhi mara tatu.

Nikaeleza na matumizi. Pete na shanga wanazijua. Hawakujua kwamba kinu cha kusagia dawa za maabara hutengenezwa kwa akiki kwa sababu hakitoi unga wake ukachanganyika na dawa. Hawakujua kwamba kwenye mizani nyeti ya mfamasia, mtambo mzima hukaa juu ya kipande kidogo cha akiki kwa kuwa hakiliki.

"Mmesikia?" Stefano akaruka. "Hospitali nzima imekaa juu ya jiwe letu!"

Nilisema si hospitali nzima. Hakuna aliyesikia. Nilisema pia kwamba akiki si almasi, inapatikana nchi nyingi, na haina maana kubwa mpaka ikatwe na kung'arishwa na mtu mwenye mkono mzuri. Hapo hawakupiga makofi.

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Jumatano ya Majivu, na kasisi wa hapa hakuweza kufika.

Ijumaa, 14 Februari

Amepita mfugaji mmoja, Koileken, mtu wa rika langu, na ng'ombe wake wakielekea upande wa Mikumi kutafuta majani. Ameniletea akiki kubwa kama ngumi. Nikamuuliza kama anaweza kulaza mifugo hapa usiku mmoja ili anionyeshe alikoitoa.

"Sisi hatulazi ng'ombe hapa. Wanakunywa mchana, jioni tunapanda."

"Kwa nini?"

"Baba yangu hakulaza."

Nimeandika hapa ili nisisahau, lakini kwa kweli niliona ni maneno tu.

Jumanne, 18 Februari

Leo sikula mchana, na jioni hii sina hamu.

Nilikuwa nimebakiza kuchimba mashimo mawili tu ya majaribio, ili nijue akiki zinashuka kina gani. Kornelio alinisaidia. Shimo la kwanza tulilichimba hatua ishirini nyuma ya nyumba yake. Tangu juu ni changarawe na akiki, zote zimelainika kama mayai, ishara kwamba maji yamezibingirisha kutoka mbali. Hilo nililitegemea. Milima yenye mwamba wa mapovu iko juu huko, mwamba umeoza, akiki hazikuoza, mto umezileta. Nilichokuwa najiambia ni kwamba mto ulizileta maelfu ya miaka iliyopita na kuzisahau.

Futi tatu na nusu chini, sururu ikagonga chuma.

Kornelio akashuka mwenyewe, akautoa kwa mkono, akaufuta matope kwenye suruali. Msumari wa reli, mnene kama kidole gumba, umeliwa na kutu lakini kichwa kizima.

"Huu ni wa Mjerumani," alisema. "Sisi tulikuwa tunaing'oa hii, tunaweka ya Mwingereza. Nimeshika maelfu. Kichwa chake si hiki?"

Reli iko hatua mia nne kutoka pale, upande wa juu. Mjerumani aliijenga hapa miaka sitini na kitu iliyopita. Nikakaa ukingoni mwa shimo nikitazama ule msumari, nikaelewa polepole, kama mtu anayeamshwa. Jiwe lililo juu ya msumari limekuja baada ya msumari. Hakuna namna nyingine. Kwa hiyo si maelfu ya miaka. Katika umri wa mtu mmoja, mto umekuja hadi hapa na nguvu ya kubeba mawe kama ngumi, ukayamwaga futi tatu na nusu mahali ambapo Yudith anaanika vyombo.

Sikutaka kuamini kwa shimo moja. Tukachimba la pili karibu na shule. Futi tatu chini palikuwa na kipande cha sahani ya bati yenye maua ya buluu. Juu yake, akiki tupu.

Kornelio aliugeuzageuza msumari mkononi. Halafu akasema kwamba alipoajiriwa, wazee wa gengi walikuwa wakisimulia mwaka ambao tuta lilikatika na reli zikaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo.

"Maji yalikwenda wapi?" nikamuuliza.

"Hilo hawakusimulia. Wao walikuwa wanatazama reli."

Alhamisi, 20 Februari

Nimemwambia Stefano. Nilimpeleka shimoni, nikampa msumari aushike.

"Mzee, hili usiliseme kwenye mkutano."

"Nitaliandika kwenye ripoti."

"Andika. Lakini hapa usiliseme." Akakaa juu ya udongo tuliouchimba, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ya kawaida, ambayo ni ndogo tu. "Unajua Agosti ni nani aliyetia moto nyumba yake kwanza kule juu, ili wengine waone hakuna kurudi? Mimi. Mama yangu alikuwa amekaa uwanjani anatazama. Mpaka leo hajanisemesha. Sasa nisimame niwaambie watu hawa kwamba tulikosea?"

Tangu nifike nilikuwa nimemweka kwenye kundi la wapiga kelele. Leo nimemwona mtu aliyechoka kuliko mimi.

Kilosa, Jumanne, 25 Februari

Katibu wa Kamati, Nikolaus, alinikaribisha chai. Ni mtu mstaarabu, ananiamkia shikamoo kabla hata sijavuka kizingiti, na meza yake haina karatasi iliyokaa upande. Ripoti yangu ilikuwa kurasa sita. Tano zinahusu akiki, ugumu wake, rangi, wingi, aina ya mashine na mchanga wa kung'arishia. Wa sita unahusu msumari, sahani na mto, na unashauri kijiji kihamishiwe kwenye mgongo wa Nhembo, mwendo wa nusu saa juu, kabla ya Aprili.

Alisoma zote, taratibu.

"Mzee, kurasa hizi tano ni nzuri sana. Huu wa sita haukuombwa."

"Lakini ndio wenye maana."

"Ulitumwa kupima mawe, hukutumwa kupima mto. Ukurasa huu ukifika kwa wakubwa, mradi unakufa. Kijiji hakitahamishwa, kwa sababu kimeshahesabiwa kuwa kimehama. Kitabaki palepale, bila mradi. Hilo umelifikiria?" Akamimina chai. "Umebakiza mwaka na kidogo. Nakuheshimu kama baba yangu. Sitaki mtu aanze kuuliza maswali kwenye faili lako."

Hakuutoa ule ukurasa. Alinirudishia ripoti nzima, akageuka kutazama dirishani. Nikautoa mwenyewe.

Juhudi, Ijumaa, 28 Februari

Nimerudi kufunga vifaa na sampuli. Yudith aliniwekea ugali na mlenda, akasubiri ninawe.

"Kornelio kaniambia habari za ule msumari. Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

"Wanalifikiria."

Nikafunika ugali, nikaenda kufunga sampuli.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Treni haina nafasi ya masanduku ya mawe. Ningoje.

Jumanne, 4 Machi

Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mto una rangi ya chai ya maziwa. Jioni nimesikia mawe yakigongana chini ya maji, kama mtu anayeosha vikombe vingi kwa haraka.

Jumapili, 9 Machi

Hawa ni Waanglikana, na mimi ni Mkatoliki, lakini nilikwenda kusali nao kwenye banda la shule. Ibada ilipokwisha nikasimama kabla watu hawajatoka.

Niliwaambia yote, bila kupanga maneno. Akiki mnazookota uwanjani kwenu, nilisema, zimeletwa na maji, na maji hayo yamekuja baada ya reli kujengwa. Yaliyokuja jana yanaweza kuja kesho. Nikasema pia kwamba niliyaandika haya, kisha nikayatoa kwa mkono wangu.

Yudith ndiye aliyeuliza, amekaa upande wa akina mama, mikono mapajani.

"Kwa hiyo uliponiambia wanalifikiria?"

"Nilikudanganya, mama."

Akatazama chini, na nilitamani anitukane.

Stefano akaja mbele. Nilijua atanitoa nje. Akatoa karatasi ya daftari mfukoni, akaiweka mezani mbele yangu, mbele ya watu wote.

"Andika ulichokisema. Weka sahihi. Ya kwangu nitaiweka chini ya yako. Halafu kesho naanza kung'oa nguzo za nyumba yangu."

Nikaandika, nikaweka sahihi, naye akaweka yake. Bibi mmoja akasimama nyuma kabisa, akatoka bila kumtazama mtu. Niliambiwa baadaye kwamba ni mama yake Stefano.

Ijumaa, 14 Machi

Watu wanapanda Nhembo na miti, majani ya paa, kuku, mitungi. Njia inateleza. Wanawake wanalalamika maji yako mbali, na wana haki. Stefano amebomoa ya kwake kwanza, kama alivyosema, na nyumba ya kwanza aliyosaidia kuijenga juu ni ya mama yake. Mama huyo amemwambia maneno mawili tu: "Nguzo imepinda." Stefano amenisimulia hilo huku anacheka na kufuta macho.

Kornelio na Yudith wamepata chumba kimoja juu. Mlango wa mninga umebaki chini. Kwenye utelezi huu utamvunja mtu mgongo.

Jumanne, 18 Machi

Nyumba arobaini na moja zimehama, zilizobaki zinafungasha. Mimi nalala kwenye banda la mahindi.

Jumatatu, 24 Machi

Jua. Siku ya tano sasa hakuna hata wingu. Mto umeshuka mpaka watoto wanavuka kwa miguu. Watu wananiamkia, lakini hawasimami kuzungumza.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Nikolaus amekuja na Land Rover. Hakufoka. Alisimama katikati ya Nhembo, akatazama mbingu ya buluu, kisha akanitazama mimi, na hiyo ilitosha.

Kwa barua ya wilaya aliyokuja nayo, Stefano ameondolewa uenyekiti papo hapo. Familia zote zirudi Juhudi ndani ya wiki tatu. Mimi nirudi Mikumi kukagua kokoto za kuzibia mashimo ya barabara kuu, mpaka uamuzi mwingine utakapotolewa juu yangu.

Niliagana na Stefano kwenye njia ya kushukia. Nilitaka aseme nimemponza. Alisema, "Safari njema, mzee. Goti hilo lipake mafuta ya moto." Imenichosha kuliko lawama.

Familia tano zilikuwa zinashuka na virago leo hii. Kornelio anasema yeye atashuka kupalilia tu, kulala analala juu.

Mikumi, Jumamosi, 5 Aprili

Kokoto. Zote za kijivu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekutana na Koileken sokoni, ananunua tumbaku.

"Watu wako wamepanda?"

"Walipanda. Wengine wameshuka."

Akatikisa kichwa, akarudi kwa muuza tumbaku.

Jumatano, 16 Aprili

Hapa hakuna mvua. Lakini kaskazini, upande wa milima ya Mpwapwa, tangu jana mbingu ni nyeusi.

Alhamisi, 17 Aprili

Madereva wanasema reli imekatika karibu na Kidete. Sikuomba ruhusa. Nimepanda lori la kwenda Kilosa.

Nhembo, Jumapili, 20 Aprili

Kutoka Kilosa, watu wa gengi walinipakia kwenye kiberenge mpaka pale reli inapoishia. Tuta limeondoka. Reli zinaning'inia hewani, mataruma yaliyozibeba yakiwa bado yameshikamana nazo, na chini maji bado yanapita. Nikaanza kupanda kwa miguu. Sijui nilitumia saa ngapi.

Nimemkuta Stefano anagawa uji. Hakuna aliyemchagua, lakini sufuria iko mikononi mwake, na foleni ni ndefu. Alimpa mwingine mwiko, akanikalisha, akanisimulia. Naandika kama alivyosema.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Juhudi palikuwa na jua. Familia kumi na tisa zilikuwa zimesharudi kabisa, na wengine wengi walikuwa wameshuka kupalilia mahindi. Tangu avuliwe uenyekiti, Stefano alikuwa na kazi moja tu aliyojipa mwenyewe. Kila kunapokucha hukaa juu ya tuta kutazama kijiti alichokichomeka ukingoni mwa mto. Watu walimcheka. Asubuhi hiyo kijiti kilizama wakati anakunja sigara. Alipoinua macho aliona miti mizima inakuja, imesimama wima ndani ya maji, na mizizi yake.

Alikimbia nyumba kwa nyumba akigonga jembe kwa jiwe. Watu hawakubishana. Walikuwa wamesikia habari ya ule msumari mara nyingi mno, hata waliokuwa hawaiamini walijua kwa kukimbilia. Akina mama, watoto, wagonjwa wawili kwenye machela, wote wakashika njia ya Nhembo.

"Nikahesabu watu," alisema Stefano. "Nikaona Yudith yuko peke yake."

Kornelio alikuwa ameshuka alfajiri. Njia ilikuwa imekauka vizuri, na kwake ilikuwa siku nzuri ya kuuchukua mlango. Stefano alirudi mpaka mstari wa mwisho wa nyumba, akamwona anakuja, mlango mgongoni, umefungwa kwa kamba kifuani pake kama mzigo wa kuni.

"Nikampigia kelele, 'Mzee, utupe!' Akanisikia. Akasimama. Mzee wangu, hakuutupa. Alipiga goti aushushe taratibu, usivunjike. Kamba ikamnasa. Mimi nilikuwa mbali kama kutoka hapa mpaka pale penye ule mbuyu mdogo. Maji yalikuwa karibu zaidi."

Walimpata Ijumaa, karibu na daraja. Amezikwa hapa juu. Yudith yuko ndani na akina mama. Niliingia, nikapiga magoti kwenye mkeka, nikasema pole, mama. Akanishika mkono, akaushikilia muda mrefu.

Mchana nilishuka Juhudi. Hakuna Juhudi. Hakuna mstari hata mmoja wa nyumba wala kipande cha ukuta wa shule. Ni uwanja wa mawe kutoka tuta mpaka mto, na mawe yale yamesuguliwa, yamelowa, jua linawaka juu yake. Akiki kwa maelfu, nyekundu, nyeupe, rangi ya asali, mistari yake inaonekana bila kupasuliwa. Katika miaka thelathini ya kazi hii sijaona nyingi kiasi hicho, wala nzuri kiasi hicho. Sikuinama kuokota hata moja.

Jumatano, 23 Aprili

Nimebaki. Nasaidia kupima viwanja. Hakuna aliyeniita Mikumi.

Jumapili, 27 Aprili

Mvua ndogo. Mama yake Stefano amenipikia maharage.

Ijumaa, 2 Mei

Nikolaus amekuja leo, kwa miguu, Land Rover haikuweza kupanda. Viatu vyake vilikuwa na matope mpaka kwenye kamba. Alikaa kwenye benchi nje ya nyumba ya Stefano, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyopigwa chapa.

Ni taarifa ya Kamati. Inasema Kamati, kwa kuona mbali na kwa kutumia utaalamu wa miamba, iliagiza wanakijiji wa Juhudi wahamishiwe Nhembo mwezi Machi, na kwamba wanakijiji wote walihamishwa salama kabla ya mafuriko. Inahitaji sahihi mbili, ya Stefano na ya kwangu.

"Na tukisaini?" aliuliza Stefano.

"Nhembo inaandikwa rasmi kuwa kijiji. Shule inapata mabati. Wewe unarudi kwenye uenyekiti. Mzee anamaliza muda wake salama."

"Na tusiposaini?"

Nikolaus alipangusa tope kwenye kiatu kwa kijiti. "Itabidi ielezwe kwa nini watu walikuwa mahali ambapo hawakuagizwa kuwa. Sijui nani ataeleza, wala lini. Mabati yatangoja."

Nilisikia hasira inapanda, halafu ikachoka njiani, ikarudi. Nilimtazama Stefano. Nilidhani yeye ndiye atakayekataa.

"Tusaini, mzee," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Wachukue sifa. Mimi nataka watu hawa wasihamishwe mara ya tatu."

Akaandika jina lake, akanipa kalamu. Nilikuwa nimeshaiinamia karatasi Yudith alipotokea. Amejifunga kaniki, hajatoka nje mchana tangu msiba. Nikolaus akasimama haraka.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Hiyo ni barua ya maji?"

"Ni taarifa, mama."

"Nisomeeni na mimi."

Nikamsomea, mstari kwa mstari. Alisikiliza akiwa amesimama, kichwa kimeinama upande mmoja kama anavyosikiliza somo kanisani. Nilipomaliza, akasema, "Soma tena pale pa watu wote."

Nikasoma. Wanakijiji wote walihamishwa salama.

"Kornelio yuko wapi humo?"

Nikolaus alijaribu kujibu. "Mama, hii inahusu kijiji kwa jumla, siyo mtu mmoja mmoja..."

Nilikata neno "wote" kwa mstari mmoja. Halafu chini, penye nafasi, nikaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa ili zisomeke: Kornelio Danieli, aliyefanya kazi ya gengi la reli miaka ishirini na miwili, alifariki Juhudi kwa maji tarehe 16 Aprili 1975. Yeye ndiye aliyeutambua msumari. Ndipo nikaweka sahihi.

"Mzee," alisema Nikolaus, "karatasi iliyokatwa hivyo haipokelewi."

"Inapokelewa, kama katibu akiweka sahihi yake penye masahihisho. Wewe unaijua kanuni hiyo kuliko mimi."

Alichukua karatasi. Nilidhani ataikunja airudishe mkobani. Alimtazama Yudith, na Yudith hakuondoa macho. Akatoa kalamu yake, akaweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi mara mbili, moja kando ya neno lililokatwa, moja chini ya jina la Kornelio. Sahihi ndogo sana, lakini inasomeka.

Yudith akavuta kigoda, akakaa.

"Sasa isome yote," aliniambia, "toka mwanzo."